Mama Akiugua Akili, Mtoto Aende Wapi? Historia ya Swali Lililopitia Kampala

Msomaji wetu, leo tuanze na swali ambalo huenda limeshawahi kuingia nyumbani kwenu, hata kama hakuna aliyelitamka kwa sauti. Mama kajifungua wiki tatu zilizopita. Halali, hata mtoto akilala. Chakula hakipiti. Anamshika mwanawe kama vile kashikishwa mtoto wa jirani. Baada ya siku kadhaa anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na wakubwa wanakaa kikao. Mama atapelekwa hospitali, hilo halina ubishi. Je, mtoto?

Kwa sehemu kubwa ya historia ya tiba ya kisasa jibu lilikuwa rahisi: mama aingie wodini, mtoto aende kwa bibi, kwa shangazi, au kwenye nyumba ya kulelea watoto. Faili la mama huku, la mtoto kule. Ilionekana ni busara tu. Mgonjwa apumzike, mtoto asidhurike, basi.

Makala hii ni historia ya namna jibu hilo lilivyoanza kuvunjika. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja watafiti kukubali kwamba mama anayeugua na mtoto anayemtegemea hawatibiki vizuri kila mmoja peke yake. Njiani sayansi ilifanya makosa mazito, na mengine yaliwaangukia watu walewale iliodai kuwasaidia. Na kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka: vituo viwili muhimu vya safari hii viko Afrika Mashariki, kwenye vijiji vya karibu na Kampala.

Kwani mtoto mchanga ana akili ya kuugua?

Tulimalize hili kwanza. Ukisikia "afya ya akili ya mtoto mchanga" unaweza kucheka. Mtoto wa miezi mitatu hana ada ya shule wala deni la kikoba, mawazo ayatoe wapi?

Wataalamu wanapotumia maneno hayo wanazungumzia mambo ya kawaida kabisa. Mtoto akilia, anatulizika? Anatafuta uso wa mtu na kuufurahia? Akiogopa, anajua amkimbilie nani? Ameshaanza kuuchunguza ulimwengu, au amejikunyata tu? Uwezo huo mtoto haujengi akiwa peke yake, anaujenga mikononi mwa mtu. Ndiyo maana ugonjwa wa huyo mtu unamhusu.

Na ugonjwa wenyewe si wa nadra. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba asilimia 13 hivi ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye nchi zinazoendelea makadirio yanapanda hadi karibu asilimia 20, yaani mmoja kati ya watano. Ule ugonjwa mkali zaidi, wa kupoteza uhalisia na kuona au kusikia visivyokuwepo, humpata mama mmoja au wawili katika kila uzazi elfu moja.

Paris, 1858: kitabu cha mama

Mwaka 1858 daktari kijana wa Kifaransa, Louis-Victor Marcé, alichapisha kitabu kizima kuhusu wazimu wa wanawake wajawazito, waliotoka kujifungua na wanaonyonyesha. Madaktari walikuwa wameshaandika juu ya hali hiyo kabla yake, lakini Marcé aliikusanya mahali pamoja na kusisitiza kwamba uzazi una uhusiano wa pekee na magonjwa ya akili. Alifariki mwaka 1864 akiwa bado kijana, na mwaka 1980 wataalamu wa fani hii walipoanzisha chama chao cha kimataifa walikipa jina lake.

Marcé alistahili heshima hiyo. Ila mgonjwa wa kitabu chake ni mama. Kwa madaktari wa zama zile mtoto alikuwa sehemu ya maelezo ya ugonjwa, sawa na homa au maziwa. Kwamba naye kuna kitu kinamtokea ndani, hilo lilikuwa bado halijawa swali.

Mtoto aliyehukumiwa kwa kutazamwa

Mtoto alipoingia kwenye mjadala, aliingia kwa mlango mbaya.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba ugonjwa wa akili, umaskini na "tabia mbaya" vinapita kwenye damu kama rangi ya macho. Dawa yake, walisema, ni kuwazuia watu fulani wasizae.

Mwaka 1924, jimboni Virginia, Marekani, msichana wa miaka 17 aitwaye Carrie Buck alijifungua mtoto wa kike, Vivian. Carrie alieleza baadaye kwamba mimba ile ilitokana na kubakwa na ndugu wa familia iliyokuwa ikimlea. Badala ya kusaidiwa, alipelekwa kwenye taasisi ya watu walioitwa wapungufu wa akili, ambako mama yake mzazi alikuwa ameshafungiwa. Jimbo lilitaka kumfunga kizazi, na ili kesi ikamilike lilihitaji kuonyesha kwamba upungufu umefika kizazi cha tatu. Vivian alikuwa na miezi saba hivi. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alimtazama, kisha akaiambia mahakama kwamba mtoto yule anaonekana hayuko kawaida sana.

Huo ndio uliokuwa ushahidi wenyewe! Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana na jimbo kwa kura 8 kwa 1, na Carrie akafungwa kizazi. Vivian alianza shule, na mwaka 1931 jina lake likaingia kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki mwaka uliofuata kwa maradhi, akiwa na miaka 8. Ujerumani ya Wanazi ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1933, ikataja magonjwa ya akili kwa majina, na watu wapatao 400,000 wakafungwa uzazi.

Je, magonjwa ya akili hayarithiwi kabisa? Sehemu ya hatari inarithiwa, ndiyo. Lakini watoto wengi wa mzazi mmoja mwenye skizofrenia, kwa mfano, hawaupati ugonjwa huo. Kinachorithiwa ni uwezekano. Mengine yanategemea maisha, na maisha ya mtoto mchanga ni watu wanaomzunguka. Wale waliomtazama Vivian hawakuuliza analelewaje. Walimtazama mama, wakamhukumu mtoto.

Watoto walioshiba na bado wakafifia

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, upepo ulibadilika. Daktari mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, René Spitz, alichapisha mwaka 1945 uchunguzi uliowakosesha watu usingizi. Alilinganisha sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kitalu ndani ya gereza la wanawake, ambako wafungwa waliwalea watoto wao wenyewe. Ya pili ilikuwa nyumba ya watoto wasio na wazazi: safi, yenye chakula na daktari, lakini mlezi mmoja aliangalia watoto kama wanane. Shuka zilining'inizwa pembeni mwa vitanda, na mtoto aliyelala chali aliona dari tu.

Ungetegemea gerezani ndiko kungekuwa kubaya, si ndiyo? Ikawa kinyume. Watoto wa gerezani walikua vizuri. Wale wa nyumba safi walidumaa, wakaacha kulia, wakaacha kutafuta nyuso. Ndani ya miaka miwili zaidi ya theluthi moja walikuwa wamekufa, wengi kwa magonjwa ya kuambukiza ambayo miili yao haikuweza kuyahimili.

Utafiti wa Spitz ulikuwa na mapungufu, na wakosoaji waliyasema: sehemu zile mbili zilitofautiana kwa mengi, na maelezo ya mbinu zake yalikuwa machache. Lakini hoja ilishaingia. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza, John Bowlby, aliiandikia WHO ripoti iliyosema kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama yake au mtu anayeshika nafasi ya mama, kama mwili unavyohitaji chakula.

Sasa rudi kwenye kile kikao cha wakubwa. Kumtenga mtoto na mama mgonjwa kulionekana kuwa njia salama isiyo na gharama. Spitz na Bowlby walionyesha kwamba gharama ipo, na anayeilipa ni yule asiyeweza kusema.

London: mlango wa wodi wafunguliwa

Mwaka 1948 Tom Main, daktari wa hospitali ya Cassel, London, alikubali mama mmoja alazwe pamoja na mtoto wake mdogo. Kwa wodi ya magonjwa ya akili hili lilikuwa jambo geni kabisa. Wengine walifuata, na kufikia mwaka 1958 Main alikuwa na uzoefu wa kutosha kuuandikia kwenye jarida la Lancet.

Hofu kubwa ilikuwa kwa akina mama wenye ugonjwa mkali, wa kupoteza uhalisia. Hospitali ya Banstead, karibu na London, ilithubutu nao pia. Mwaka 1961 madaktari wake waliripoti kwamba akina mama wenye skizofrenia waliolazwa na watoto wao walitoka wakiwa na uwezo zaidi wa kuwalea, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache kuliko kwa wale waliolazwa peke yao. Kulinganisha kwenyewe hakukuwa kwa kura, kwa hiyo tusilitie chumvi. Lakini swali lilikuwa limegeuka. Zamani walijiuliza tu kama mtoto atadhurika akibaki na mama. Sasa walijiuliza pia: tukiwa na wauguzi wa kuwaangalia saa zote, kwa nini tuwatenganishe?

Kampala, 1954: mwanasaikolojia na vijiji vya Buganda

Hapa ndipo safari inapoingia Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, Mmarekani aliyekulia Kanada, alikuwa amefanya kazi na Bowlby huko London. Mumewe alipopata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere, walihamia Kampala mwaka 1954.

Ainsworth alikuwa amesikia desturi ya Kiganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa kunyonya, ili alisahau ziwa. Akaona ni nafasi nzuri ya kuchunguza mtoto anavyoathirika anapotenganishwa na mama. Kufika vijijini, anakuta familia nyingi zimeshaiacha desturi hiyo! Mpango ukafa. Akabaki na familia 26 zilizokubali kumpokea, watoto wachanga 28, na mkalimani. Akaamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa utaratibu ule: kukaa sebuleni kwa watu na kutazama.

Alizitembelea familia hizo kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi hadi tisa. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Mgeni akiingia, mtoto anarudi mbio mapajani. Mama alikuwa kama bandari ambayo mtoto hutoka na kurudi. Aliona pia kwamba watoto hawakufanana. Wengi walikuwa na utulivu, wengine walilia hata wakiwa wamebebwa, na wachache walikuwa bado hawajaonyesha dalili ya kushikamana na mtu. Tofauti hiyo haikwenda na ukubwa wa nyumba. Watoto watulivu walikuwa na mama aliyesoma ishara zao upesi na kuwajibu, mama ambaye ukimuuliza habari za mwanawe anakueleza mpaka jua linazama.

Jambo jingine Ainsworth aliliona, ingawa wengi waliomfuata walilisahau: watoto wale walishikamana pia na baba, bibi, na kaka au dada. Liweke akilini, tutalirudia.

Aliporudi Marekani alirudia uchunguzi huo Baltimore, na hapo ikazaliwa mbinu yake maarufu ya dakika 20 inayotumika duniani kote kupima kushikamana kwa mtoto na mlezi. Kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo mwanafunzi wa saikolojia ukiambiwa nadharia hii ni ya "kizungu", jibu kwamba data zake za kwanza zilikusanywa Buganda.

Kidole kwa mama

Sasa tufike kwenye upande wa giza. Ukishasema mama ni muhimu kiasi hicho, ni hatua fupi tu kusema kila kibaya kinatoka kwake.

Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, tabibu mashuhuri wa akili nchini Marekani, aliandika kuhusu mama ambaye tabia yake eti ndiyo inayomtia mtoto skizofrenia. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichohusisha usonji na ubaridi wa wazazi. Mawazo yote mawili yameanguka kwa kukosa ushahidi. Lakini kwa miongo kadhaa familia zilizofika hospitali kutafuta msaada ziliondoka na mzigo wa pili: mtoto anaumwa, na mama ndiye kamuumiza.

Usidhani lawama ni mali ya Wazungu peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari wa Uingereza, John Cox, alifika Makerere kufundisha magonjwa ya akili. Baganda walimweleza kuhusu *amakiro*, ugonjwa unaompata mama baada ya kujifungua na unaoweza kumfanya amdhuru mtoto wake. Chanzo chake, watu walisema, ni uzinzi wakati wa mimba. Vienna na Buganda ziko mbali, lakini mama aliyechanganyikiwa alipotafuta maelezo, kote alirudishiwa kosa lake mwenyewe.

Cox hakuishia kwenye lawama. Alichokichukua kutoka kwenye amakiro ni kwamba jamii ile ilishajua zamani kuwa kuna ugonjwa wa akili unaofuatana na uzazi, na ilikuwa na jina lake. Katika kituo cha afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala, aliwachunguza wajawazito 263. Akakuta sonona na wasiwasi mwingi ambao ulikuwa haujatambuliwa.

Aliporudi Scotland aliendelea na kazi hiyo. Mwaka 1987, pamoja na Jeni Holden na Ruth Sagovsky, alichapisha dodoso la maswali kumi ya kutambua sonona baada ya kujifungua, lililopewa jina la mji wa Edinburgh. Ujanja wake uko kwenye kile ambacho haliulizi. Vipimo vingi vya sonona huuliza: unachoka? usingizi umepungua? Sasa mwulize hivyo mama wa mtoto wa wiki sita, atakujibu ndiyo kwa kila kitu, na wala si mgonjwa. Dodoso hili linauliza kama ameweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama huzuni ndiyo inayomnyima usingizi, na mwisho kabisa kama amewahi kuwaza kujidhuru. Limetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo.

Miaka miwili baadaye wakajaribu tiba. Wauguzi wanaotembelea majumbani walipewa mafunzo mafupi ya kusikiliza, kisha wakawatembelea akina mama wenye sonona mara moja kwa wiki kwa wiki nane. Waliopona walikuwa asilimia 69, dhidi ya 38 kwa wasiotembelewa hivyo. Akina mama wenyewe walikuwa 50 tu, kwa hiyo utafiti ulikuwa mdogo. Lakini tiba ilikuwa ni nini? Mtu mwenye muda, kiti, na masikio.

Kinachopita kati ya nyuso mbili

Hadi hapo tunajua ugonjwa wa mama unamgusa mtoto. Unapitia wapi?

Mwaka 1975 Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha wenzake jaribio rahisi, akalichapisha mwaka 1978. Mama anacheza na mtoto wake kawaida. Kisha, kwa dakika mbili tatu, anaukausha uso: anamtazama mtoto bila kucheka, bila kuongea. Mtoto anatabasamu. Hakijibiwi kitu. Ananyoosha mikono, anapiga kelele, anajaribu kila mbinu aliyonayo. Mwishowe anageuza uso pembeni, na wengine wanalia. Kabla ya mtoto kujua neno hata moja, ameshajua kwamba mazungumzo yamekatika.

Dakika mbili hazina madhara, mama akirudi mtoto anatengemaa. Lakini sonona inaweza kuukausha uso kwa miezi. Haimwondolei mama upendo. Inamwondolea kasi ya kujibu, mlio wa sauti, nguvu ya kunyanyua mkono. Mtoto hawezi kusoma moyo, anasoma uso.

Kama wewe ni mzazi na umeanza kuogopa, subiri. Tronick alikuja kuonyesha kwamba hata wazazi wazima kabisa huwa sambamba na watoto wao kwa asilimia 30 hivi ya muda. Muda mwingine wanapishana, kisha wanarekebisha. Mtoto hajengwi na mzazi asiyekosea, anajengwa na yule anayerudi.

Mwaka huohuo wa 1975 Selma Fraiberg, mfanyakazi wa ustawi wa jamii jimboni Michigan, alieleza pamoja na wenzake kisa cha mtoto wa miezi mitano na nusu. Mtoto alilia kwa uchungu, na mama yake, mwenye sonona, alikaa palepale kana kwamba hasikii. Fraiberg hakumfundisha mama namna ya kubeba mtoto. Timu yake ilimfuata nyumbani, mara nyingi jikoni, na kumsikiliza yeye kwanza: utoto wake wa kutelekezwa, kilio ambacho hakuna aliyekijibu. Kadiri alivyosikilizwa ndivyo alivyoanza kumsikia mwanawe.

Khayelitsha na Rawalpindi

Utasema: haya ni ya nchi zenye wataalamu, sisi je? Tuangalie majaribio mawili yaliyofanyika bila wataalamu hao.

Khayelitsha ni kitongoji maskini nje ya Cape Town. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kwamba karibu theluthi moja ya akina mama huko walikuwa na sonona miezi miwili baada ya kujifungua. Kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2009, wanawake wa mtaani hapohapo, wasio na vyeti vya utabibu, waliwatembelea wenzao tangu ujauzito hadi mtoto alipofika miezi sita. Walizungumza nao na kuwaonyesha vile vitu vidogo ambavyo mtoto anaviweza. Watoto walipofikisha miezi 18, asilimia 74 ya waliotembelewa walikuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu, dhidi ya 63 kwa wengine. Ila sonona yenyewe, kama ugonjwa, haikupungua sana.

Pakistan, mkoa wa Rawalpindi, mwaka 2008 ikatokea kinyume chake. Wahudumu wa afya ya jamii walifundishwa tiba ya mazungumzo kwa akina mama wenye sonona. Baada ya miezi sita waliobaki wagonjwa walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wasiopata tiba hiyo. Watoto waliugua kuhara kidogo zaidi na kuchanjwa zaidi. Lakini uzito na urefu wao, ambavyo watafiti walivitarajia viongezeke, havikutofautiana waziwazi.

Yaweke majaribio haya pembeni kwa pembeni. Ukishughulikia uhusiano, mtoto anafaidika hata kama ugonjwa haujaisha. Ukiutibu ugonjwa, mama anapona, lakini si kila kilichokosekana kwa mtoto kinarudi chenyewe. Hakuna anayeweza kutibiwa kwa niaba ya mwenzake. Wote wawili wanahitaji kuonwa, ikiwezekana na mtu yuleyule, siku ileile.

Na baba? Naye yumo. Mwaka 2005 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba sonona ya baba wiki chache baada ya mtoto kuzaliwa inahusiana na matatizo ya tabia kwa watoto, hasa wa kiume, wanapofika miaka mitatu na nusu. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza, kwa sababu tu baba huwa hayupo kliniki.

Turudi kwenye kikao

Kwa hiyo, wakubwa wamekaa. Historia hii inawaambia nini?

Mama anayesikia sauti, anayesema vitu visivyoeleweka, au anayetaja kujidhuru au kumdhuru mtoto anahitaji hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Hilo halibadiliki. Huo ni ugonjwa wa dharura kama kutokwa na damu, na unatibika. Dawa zake asiziache kwa sababu tu ananyonyesha, aulize kwanza daktari.

Mtoto akilazimika kukaa kwa muda na mtu mwingine, awe mtu mmoja anayemzoea, si kuzungushwa wiki kwa shangazi, wiki kwa jirani. Ndicho alichokiona Ainsworth: moyo wa mtoto una nafasi ya bibi, ya baba, ya dada. Bibi kumpokea mjukuu si kosa. Kosa ni kuusahau mlango wa kurudi. Mama anapopata nafuu mtoto apelekwe amwone, ashikwe, anyonyeshwe ikiwezekana, mwanzoni kwa dakika chache na mtu akiwa karibu. Na lile neno la kusema mama "amejitakia" libaki mdomoni mwa msemaji.

Wodi za mama na mtoto bado ni chache duniani, lakini kliniki za watoto zimejaa kila mahali. Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo wa kuingiza huduma za afya ya akili humohumo kwenye huduma za uzazi na watoto. Safari nyingine ukimsindikiza mke, dada au rafiki kliniki, sikiliza maswali anayoulizwa. Mtoto atapimwa uzito, atachomwa sindano, kadi itajazwa. Kama hakuna aliyemuuliza mama mwenyewe anaendeleaje, basi muulize wewe mkiwa njiani kurudi. Kisha nyamaza, umpe muda wa kujibu.